Aliyekula Kwanza

Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Alisema huku akicheka, lakini alikuwa ananijua. Mimi sikuumbwa na subira. Dukani kwa baba, Mzee Hilali, pale Kasulu mjini, mteja akichelewa kuchagua kitenge nilikuwa namchagulia mwenyewe na kumfungia. Ndiyo maana hadi leo nashangaa kwamba wasichana mia moja na sitini walinyoosha mikono wakanichagua kuwa Waziri wa Chakula, mimi Kuruthumu Hilali wa kidato cha tatu.

Ilikuwa mwaka 1977. Shule yetu ilikuwa ya bweni, juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Mkuu wa shule, Mwalimu Stanislaus, alikuwa na imani moja tu: mwanafunzi anayechungwa kwa fimbo, akimaliza shule atatafuta mtu mwingine wa kumchunga. Kwa hiyo shule ilijiendesha. Tulikuwa na serikali yetu na mawaziri wetu. Tulilima wenyewe, tulipika wenyewe, na mkosaji tulimwadhibu wenyewe; kosa kubwa tu ndilo lililoandikwa katika daftari la Mkuu, nalo liliweza kumfukuzisha mtu shule. Walimu hawakukanyaga jikoni. "Jitawaleni," alituambia kila paredi ya Jumatatu, nasi tuliyapenda sana maneno hayo, kwa sababu tulidhani kujitawala maana yake ni kutoambiwa na mtu.

Mwezi wa sita lori la unga halikuja. Kwanza tulisikia limekwama Malagarasi, halafu tukasikia halijaondoka kabisa huko lilikotakiwa kutoka. Mwalimu Stanislaus akaenda Kibondo kutafuta mahindi, akamwachia shule Mwalimu Venanti, kijana mpole aliyekuwa na mchumba mjini na baiskeli ya kumfikisha kwake. Jumanne asubuhi nilifungua stoo nikakuta maharage kidogo na unga wa siku mbili. Nilikaa juu ya gunia tupu, nikahesabu tena.

Kitu kilichobaki ni muhogo. Shamba la shule lilikuwa na muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe mwitu wanaupita. Tulikuwa tumeupanda kwa sababu hiyo hiyo, maana muhogo mtamu katika kilima kile ungeliwa na ngedere na watoto wa kijiji kabla hatujauona. Mchungu hauibiwi. Lakini mchungu una sumu, na sumu yake haitoki mpaka uvundikwe ndani ya maji, ulainike, unuke, ndipo uanikwe na kutwangwa.

Aliyejua kazi hiyo kuliko sote alikuwa Epifania wa kidato cha pili. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili, wakapokelewa na ndugu zao upande wa Kitanga, karibu na mpaka. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya chini, na akikasirika, kama aliwahi kukasirika, hukujua. Kidimbwi cha kuvundikia, kule chini ya bustani ya mboga, kilikuwa mikononi mwake. Jumanne ile baada ya vipindi tuling'oa muhogo, tukaumenya, akaupanga ndani ya maji, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuweka mawe juu.

"Siku ngapi?" nikamwuliza.

"Tutauangalia, dada. Labda Jumapili. Labda Jumatatu."

"Jumatatu? Unga unaisha Alhamisi. Muhogo ni siku tatu. Mama yangu ni mtu wa Kilwa, huko wanavundika siku tatu, na hajafa mtu."

"Huko kwa mama kuna joto," Epifania akasema, akitazama maji. "Maji ya huku ni baridi. Muhogo hauhesabu siku."

Sikupenda jibu lile. Alikuwa mdogo kwangu kwa kidato, na alilisema mbele ya wasichana wa zamu.

Alhamisi usiku tulikula ugali wa mwisho, vijiko viwili kila mtu. Ijumaa ilikuwa maharage matupu kikombe kimoja, asubuhi hadi asubuhi. Mwenye njaa hana miiko, wahenga hawakukosea. Wasichana niliokuwa nacheka nao walianza kunitazama kwa namna ambayo sikuijua. Nikipita bwenini mazungumzo yalikatika. Saa sita mchana mtu mmoja akagonga sahani kwa kijiko, mara moja, polepole. Mwingine akajibu upande wa pili. Baada ya muda bwalo zima lilikuwa linagonga, bila neno, huku wakinitazama. Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani, lakini sauti ile ya vijiko bado naisikia.

Nikashuka hadi kidimbwini. Epifania alikuwa amechuchumaa pale, mkono ndani ya maji.

"Toa," nikamwambia.

"Bado, dada." Akanitolea kipande kimoja anionyeshe. Muhogo uliovundika unamegeka mkononi bila nguvu. Kile alikibana kwa vidole, hakikumegeka. Akakivunja kwa magoti, kikalia. "Unaona? Ndani bado ni mbichi. Huu utaua mtu."

"Ni siku tatu kamili leo."

"Oya, dada, hapana. Tuwaambie wangoje siku mbili tu. Nitakwenda kuchuma majani ya maboga, tupike na maharage. Mimi nitasema nao kama wewe unaogopa."

Laiti asingelitaja neno lile. Nilikuwa naogopa, na hakuna kinachomkasirisha mwoga kama kuambiwa. Damu ilinipanda kichwani.

"Mimi ndiye waziri," nikasema. "Wewe huku si kwenu, Epifania. Umepewa nafasi ya shule, kaa nayo vizuri. Au unataka niandike katika daftari la Mkuu kwamba unawachochea wanafunzi wagome?"

Alinyanyuka polepole akajifuta mikono kwenye sketi. Kwa mtu wa kwao, jina kuandikwa katika daftari halikuwa jambo la kufagia uwanja siku tatu. Lilikuwa ni shule nzima, labda na familia nyuma yake. Nililijua hilo nilipokuwa nalisema. Hasira hasara, wanasema, na kweli, ila hasara yenyewe mara nyingi hulipwa na mwingine.

Tuliutoa. Tukaukata vipande vyembamba, tukauanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya jiko mpaka jua likazama, na Jumamosi tangu asubuhi. Ulipotwangwa haukuwa umekauka; unga ulishikana kwenye chekecheo na kutoa harufu kali, si ile ya uchachu iliyozoeleka, harufu nyingine. Nilijiambia ni harufu ya kawaida. Wapishi wa zamu walitazamana. Nikawaambia wasonge.

Saa sita na nusu bwalo lilijaa. Mwalimu Venanti alikuwa ameshapanda baiskeli yake kwenda mjini tangu saa tatu. Sufuria tatu za ugali zilikuwa mezani, zinatoa moshi, na wasichana mia moja na sitini walikuwa wamesimama na sahani zao. Nilishika mwiko. Ndipo Epifania alipopita katikati yao, akaja kusimama kati yangu na sufuria ya kwanza.

"Ndugu zangu," akasema. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu, sauti ilimkwama, akaanza tena. "Ndugu zangu, muhogo huu nimeuvundika mimi. Kwetu, kama vile mwenye pombe anavyoonja kwanza mbele ya wageni, aliyevundika muhogo anakula kwanza. Wengine wanangoja. Hata kwa Waha ni hivyo, mnajua."

Walijua. Wengi wao walikuwa watoto wa vijiji vya Kasulu na Kibondo, na nyumbani kwao bibi hakugawa muhogo mchungu wa kwanza wa msimu bila kumeza tonge yeye. Kelele zikatulia.

"Tungoje mpaka lini?" akauliza msichana wa mbele, Pelagia, mwenye sauti kubwa kuliko shule nzima.

"Mpaka kengele ya saa tisa. Nikiwa mzima saa tisa, mle."

Wakanitazama mimi. Ningeweza kusema hapana, ugali usiliwe na mtu, tuumwage. Maneno yalikuwa mafupi hivyo. Lakini kumwaga kungekuwa kukiri mbele ya wote, na kile kijiko cha kwanza kingeanza kugonga tena. Nikasema, kwa sauti ya waziri, "Sawa. Pakueni, kila mtu akae na sahani yake. Hakuna kugusa mpaka kengele."

Epifania akapakuliwa. Akakaa peke yake kwenye benchi la mbele, akatazama sahani kidogo, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaanza kula. Alikula upesi, matonge makubwa, karibu bila mboga, akimeza bila kutafuna vizuri. Akamaliza sahani. Akainyoosha akaomba nyingine. Kukawa na kicheko upande wa nyuma, mtu akasema, "Mkimbizi alikuwa na njaa yake," na wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka. Niliona nafuu kwamba anaula kwa hamu vile. Nikajiambia mtu anayeamini ni sumu hawezi kuomba sahani ya pili.

Alipomaliza ilikuwa haijafika saa saba. Akaweka mikono juu ya meza, akatulia.

Sijui kama msomaji amewahi kukaa na njaa mbele ya chakula akimtazama mtu kuona kama atakufa. Ugali ulipoa mbele yetu, ukafanya ngozi juu. Wasichana wa kidato cha kwanza walikalia mikono yao ili isinyooke yenyewe. Mmoja alilia kwa sauti ndogo, mwenziwe akamfunika mdomo. Sote tulimtazama Epifania, naye alitazama mlango. Kila alipokohoa, vichwa mia moja na sitini vilisogea.

Saa saba na nusu Pelagia hakuweza tena. "Mzima huyo," akasema. "Anangojewa nini? Ugali unaganda." Watu wakanung'unika kumwunga mkono. Kisha akanigeukia. "Na wewe Waziri, mbona huonji? Wewe si ndiye uliyesema siku tatu zinatosha?"

Sahani yangu ilikuwa mbele yangu kama za wengine. "Sheria ni sheria," nikajibu. "Nimesema saa tisa." Walidhani nina msimamo. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, na katika siku ile ya baridi ya mwezi wa sita nilihisi jasho linatiririka hadi kiunoni.

Mkono wa msichana mmoja ukaingia sahanini. Nikapiga kelele, akautoa. Mwingine tayari alikuwa amefinyanga tonge, amelishika hewani karibu na kinywa. Niliona kwamba haitafika saa tisa. Haitafika hata saa nane. Wakianza wawili wataanza wote, na mimi sitakuwa na sauti ya kuwazuia.

Ndipo Epifania akaweka kichwa chake juu ya meza.

Aliweka taratibu, kama mtu anayesinzia darasani. Nikaita jina lake. Akainua uso, na ulikuwa umebadilika, midomo imekauka na macho yanatafuta mahali pa kushika. "Kichwa," akasema. "Naona watu wawili wawili." Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akaanguka kati ya mabenchi akitapika.

Lile tonge lililokuwa hewani lilidondoka sakafuni. Sikusikia mtu akipiga yowe. Nilisikia sahani zikisukumwa mbali, kwanza moja, kisha nyingi, kelele ya bati juu ya mbao bwalo zima.

Kulikuwa hakuna gari wala mwalimu. Wasichana wa vijijini ndio walioniokoa, maana mimi nilisimama nimeshika mwiko kama mjinga. Walichomoa miti miwili ya kuanikia nguo, wakafunga blanketi na kanga, ikawa machela, ile wanayobebea wagonjwa kwao tangu zamani. Wakampakia. Wanne wakabeba, wengine ishirini wakakimbia pembeni kungoja zamu. Nikaingia zamu ya kwanza, na nilipoambiwa niachie nilikataa.

Tulikimbia. Barabara ya kushuka kutoka shuleni ilikuwa na mawe na vumbi jekundu, na kila tulipojikwaa alitoa mguno mdogo. Mwanzoni alikuwa anasema kwa Kirundi, akimwita mama yake. Halafu akaacha kusema. Kuacha kule ndiko kulikonitisha zaidi. Nilikuwa nageuza shingo kila hatua kumi kutazama kifua chake kama kinapanda. Kilipanda haraka haraka, kisha mara moja kikakawia, nami nikamwomba Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa madrasa, na yakiisha nikaanza upya. Mungu wangu, nilisema, asife, nitasema kila kitu, asife tu.

Tulipofika darajani pumzi yake ikakawia tena. Tukasimama. Pelagia akaweka sikio kifuani kwake, lakini mto ulikuwa na kelele kiasi kwamba Pelagia hakusikia kitu. Nilimwona uso wake unavyogeuka. Kisha Epifania akatapika tena, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuona mtu akitapika.

Tulifika hospitali kabla ya saa kumi. Walimchukua wakafunga mlango. Baada ya muda mrefu mganga akatoka akatuuliza alikula nini, alikula kiasi gani, na wangapi wengine wamekula.

"Sahani mbili," Pelagia akasema. "Wengine hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Mganga alitutazama, nyuso zetu zilizojaa vumbi, na midomo iliyokauka kwa njaa. "Mnajua mngeletwa wangapi hapa?" akasema. "Vitanda vyangu havifiki arobaini." Akarudi ndani.

Jumapili walisema atapona. Wenzangu walirudi shuleni, ambako Mwalimu Venanti alikuwa amerejea, amemwaga ugali wote shimoni na kukopa mahindi mjini. Mimi nilibaki, kwa kuwa nyumbani kwetu ni karibu. Nilikaa kando ya kitanda chake Jumapili nzima, nikisubiri aamke, na nikiogopa aamke.

Jioni alifumbua macho. Alitazama dari, akanitazama.

"Walikula?" akauliza.

"Hapana. Hakuna aliyekula."

Akafumba macho tena, nikadhani amelala. Lakini akasema, taratibu sana, "Nilijua hawatafika saa tisa. Njaa ile, hawawezi. Nikasema nikila kidogo nitaanguka jioni, na wao watakuwa wameshakula. Ndiyo nikala sana, dada. Ili nianguke upesi."

Nilikumbuka kicheko changu. Nikamshika mguu juu ya blanketi kwa kuwa sikustahili kumshika mkono.

"Mkuu akirudi," akaendelea, "nitasema nilikula kwa njaa yangu. Usiandike jina langu."

Ndiyo, alidhani bado nina daftari. Alikuwa amelala pale, ametoka kwenye mlango wa kaburi, na anachoogopa ni kalamu yangu. Nilisema, "Sitaandika," na ubaya wangu ni huu: moyoni nilipata raha. Ile ahadi niliyompa Mungu barabarani ilianza kulegea pale pale. Nilijiambia, yeye mwenyewe ameamua. Mambo yaishe.

Jumatatu asubuhi mama yake akafika. Aliitwa Kezia, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyopasuka, kifurushi kichwani. Habari ilimfikia kijijini Jumapili alfajiri kwa mtu wa baiskeli, akatembea mchana wote, akalala kwa watu njiani, akaamka akatembea tena. Alimpapasa mtoto wake uso, mikono, tumbo, miguu, kama anayehakikisha vimetimia. Kisha akauliza kwa lugha yao, huyu ni nani. Epifania akamwambia: ni dada Kuruthumu wa shuleni, ndiye aliyenibeba kutoka mlimani, hakuachia machela hata mara moja.

Yule mama akanijia. Akanishika mikono yote miwili, na viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya ile miti. Alipoyaona akaanza kulia. "Urakoze," akasema. "Urakoze, mwana wanje." Asante, mwanangu. Akafungua kifurushi chake, akatoa ndizi mbivu alizokuwa amemletea mtoto wake, akaniwekea mapajani zote, akanishika mikono tena.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa zile ndizi. Sufuria, vijiko, barabara, vyote vilikuwa kitu kidogo. Mbele ya wenzangu nilikuwa nimesimama na uongo wangu, na mbele ya Mkuu ningeweza kusimama nao pia. Lakini mikono ile ilikuwa imeshika yangu na haiachii.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyetaka kumwua mwanao. Yeye alikataa, mimi nikaamuru. Nilimtisha. Nilimwambia huku si kwenu."

Nilisema kwa Kiswahili. Nilisema kwa Kiswahili nikijua vizuri kwamba hakijui. Nimezaliwa Kasulu, nimekua nyuma ya meza ya duka nikiwauzia chumvi na mafuta ya taa watu wanaosema Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ningeweza kumwambia akaelewa kila neno. Woga una hila: ulinipa ruhusa ya kukiri mahali ambapo hakuna anayesikia.

Mama Kezia akamgeukia mtoto wake. Anasema nini?

Epifania alinitazama. Alikuwa mnyonge, macho yamezama, na nadhani aliniona hadi chini kabisa. Akamjibu mama yake kwa sauti yake ile ya chini: anasema barabara ilikuwa ndefu, anasikitika kwamba walichelewa kufika.

Mama akatikisa kichwa, akazidi kunibana mikono. "Oya, oya," akasema, hamkuchelewa.

Mlango ulikuwa wazi. Ningepita tu. Ndizi mapajani, shukrani juu yake, na yule niliyemkosea ndiye aliyenifungulia. Mwalimu Stanislaus hakuwepo, wala kiranja, wala daftari. Hapakuwa na mtu yeyote duniani wa kuniambia nifanye nini.

Nikarudia kwa Kiha. Polepole, maana ulimi ulikuwa mzito, neno baada ya neno, tangu kidimbwini. Nilimwambia kuhusu muhogo uliolia ulipovunjwa. Nilimwambia neno nililosema kuhusu kwenu na kwetu. Nilimwambia kwamba mwanawe alikula sahani mbili ili aanguke mapema, na kwamba nilicheka.

Epifania alifunika uso kwa blanketi. Mama yake hakuachia mikono yangu, lakini niliihisi imekuwa mikono mingine. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama anayeuliza njia.

"Na wewe, ulikula?"

"Hapana, mama."

"Hukuwa na njaa?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa kwa nini hukula?"

Nilitafuta jibu. Sheria, kengele, saa tisa, yote niliyomwambia Pelagia yalikuwepo, yamejipanga. Sikuweza kulitoa hata moja.

"Niliogopa," nikasema.

"Basi ulijua," akasema mama Kezia.

Nikamwambia ndiyo, nilijua.